Wadi Imeshuka

Mwalimu hakuvumilia mtu kutembea mbele yake. Ukimpita hata kwa hatua chache alisimama palepale, akaegemea fimbo yake, akakutazama mpaka ukarudi nyuma mwenyewe kwa aibu. Katika kundi letu la matembezi walikuwamo watu wazima wenye vyeo serikalini, watu waliozoea kufunguliwa milango, lakini Ijumaa asubuhi, kwenye mabonde ya mawe nyuma ya mji wa Muscat, wote walimfuata kwa mstari mama mmoja mfupi mwenye ushungi mweusi na viatu vya kiume.

Kuhusu kuzaliwa kwake na ukoo wake sina la kusema, maana mwenyewe hakulisema. Akiulizwa yeye ni nani, alijibu, "Mimi mwalimu," kana kwamba anayeuliza haoni. Alikuwa amesomesha bayolojia skuli za wasichana mpaka akastaafu, akakaa mtaa wa Hail katika nyumba yenye mibilimbi na paka wengi. Namwandika kwa sababu leo akitajwa, Wakenya wa hapa husema ndiye aliyemuua Fundi, na Waomani wenzake husema Fundi alijiua kwa ukaidi wake. Mimi nilikuwapo, na nasema wote wamekosea.

Tulijuana kwa sababu ya jino. Nilikuwa mapokezi katika kliniki ya meno Ruwi, sina muda mrefu tangu nifike Oman, naye akaingia amefunika shavu kwa kiganja. Nilimsikia akinung'unika kwa Kiswahili, nikafurahi, nikamwambia, "Keti hapo, mama, daktari anakuja saa hii."

"Saa hii ndiyo saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama."

"Basi sema sasa hivi. Nna jino bovu, masikio yangu mazima. Kiswahili gani hicho? Cha Nairobi?"

"Cha Nakuru."

"Nairobi," akasema, akaketi.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Nairobi. Kwake Kenya ilikuwa na miji miwili tu: Mombasa, walikokaa watu, na Nairobi, walikokaa waliobaki. Alipotoka kwa daktari mdomo umekufa ganzi, hawezi hata kutamka vizuri, alisimama mbele ya meza yangu akaniamuru Ijumaa baada ya alfajiri nifike kituo cha mafuta Mabela, nimevaa viatu, si ndala. Sikuuliza tunakwenda wapi. Nilikuwa mpweke, na mtu akikupigia kelele kwa lugha yako ugenini, unamfuata.

Kundi lenyewe lilikuwa la Waomani wa asili ya Unguja, wale ambao nyumbani huzungumza Kiswahili na nje Kiarabu, pamoja na sisi Wakenya wachache tuliookotwa naye huku na huku. Masharti yake yalikuwa machache lakini hayana msamaha. Takataka zako unarudi nazo. Ukichelewa, umeachwa. Na kuanzia gari linapozimwa mpaka linapowashwa, hapana Kiarabu wala Kiingereza, ni Kiswahili tu. Yeye mwenyewe akijikwaa alimwita Mungu kwa Kiarabu, na simu ya dada yake ikilia alimwaga Kiarabu mpaka mbuzi wa mlimani wakageuka kutazama. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha sharti.

Sisi wa bara alitutesa kweli. Fundi ndiye aliyepata sehemu kubwa, kwa sababu alicheka. Huyu Fundi alikuwa kijana wa Budalang'i, jina lake Wekesa, akitengeneza mashine za kupoza hewa. Alikaa ghorofa ya chini yangu kule Darsait, akiimba sauti ya chini katika kwaya yetu. Akiitwa, alijibu, "Nakam, Mwalimu!"

"Unafanya nini?"

"Nakam."

"Kukam ni kitu gani? Kinaliwa? Sema nakuja."

"Nakuja, Mwalimu."

Juma lililofuata alisema nakam tena, nadhani makusudi, ili asikie akigombezwa. Lakini katika mambo mengine alimtii kuliko sote. Akiambiwa abebe maji, alibeba. Akiambiwa asipande jiwe fulani, hakuligusa. Mwalimu alikuwa akimwonyesha kwa fimbo na kutuambia, "Huyu ndiye msikivu. Nyinyi wengine viziwi wenye masikio."

Utii huo ulikuwa na chanzo chake. Babake Fundi alipofariki, kafili wake, yaani tajiri aliyemleta Oman, alikuwa amemshikia pasipoti na hataki kuitoa. Fundi alilia mbele yetu, mwanamume mzima. Mwalimu alikwenda nyumbani kwa yule bwana, akakaribishwa kahawa kama ada. Sasa, kwa Waomani, mgeni hutikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Asipokitikisa, mwenyeji hana budi kumimina tena. Mwalimu hakutikisa. Alikunywa, akanyoosha kikombe, akanywa, akanyoosha, huku akiulizia hali ya watoto, mke na ngamia, na kila baada ya muda akisema, "Na ile pasipoti ya kijana wetu?" Birika liliisha, likaletwa jingine. Mwisho yule bwana alikwenda ndani akarudi na pasipoti, na hapo ndipo kikombe kilipotikiswa. Alituhadithia akilalamika kuwa moyo ulimwenda mbio kwa ile kahawa. Fundi akawahi kumzika babake, na tangu hapo angemfuata Mwalimu hata motoni.

Kwa hiyo alikuwa mkali na alikuwa mwema, na vyote viwili alivifanya bila kukuangalia usoni. Tukipumzika, chai na vitumbua vyake vilianzia kwetu wageni, kisha watu wake. Ukishukuru, alikuambia kitumbua kinapoa.

Watu hudhani Oman ni mchanga na ngamia. Na kweli, karibu mwaka mzima milima hii ya mawe ya chokaa ni mikavu, ya kijivu, inachoma macho. Lakini mvua za baridi zikishapita, kabla joto halijarudi, kila ufa wa jiwe huota kitu. Migunga hutoa maua ya manjano, vijiua vya zambarau vinajitokeza pasipo na udongo hata kiganja kimoja, na mikunazi ya chini ya bonde inakuwa msitu mdogo wenye kivuli na ndege. Mwalimu alikuwa akisimama chini ya mkunazi, anapigapiga shina, anasema huu ni uleule wa Unguja, haukubadilisha jina wala tabia. Kwenye yale maua mazuri ya rangi ya waridi yanayoota kando ya maji alituzuia kwa fimbo. "Ua hilo linaua," alisema, na kila mwaka alicheka peke yake kwa kuipenda ile sentensi.

Alikuwa akitufikisha kwenye kuta za chokaa na kutulazimisha kuingiza vidole katika alama za kombe na konokono zilizogandishwa ndani ya jiwe. "Hapa palikuwa bahari," alisema. "Msipaamini mahali pakavu." Fundi alizipenda alama hizo kuliko kitu chochote. Alizipiga picha akamtumia mamake, ambaye hakuamini kwamba konokono anaweza kupanda mlima.

Maji yenyewe Mwalimu aliyaogopa. Wenzetu walivua viatu wakaingia kwenye madimbwi ya kijani, yeye alikaa juu, mbali, sketi ameikusanya magotini, anatazama milima upande yanakotoka mawingu. Hakuwahi kuloweka hata kidole. Nilimuuliza siku moja kwa nini basi anapenda mabonde. Alisema mtu humjua zaidi yule anayemwogopa. Alijua maji yakibadilika rangi maana yake nini, alijua upepo upi una mvua ndani yake. Nasema hivi ili ieleweke kwamba siku ile hakuzembea.

Siku ile mbingu juu yetu ilikuwa nyeupe safi. Mawingu yalikuwa mbali, juu ya Milima ya Hajar, na hata yeye aliyatazama akayadharau. Tulikuwa tumetandika jamvi kwenye ukingo mmoja wa bonde. Katikati palipita maji ya kifundo cha mguu, na Fundi alikuwa amevuka kwenda ng'ambo kupiga picha ukuta wenye kombe. Ghafla yale maji yakaanza kuwa ya udongo, yakapanda mpaka magotini. Mwalimu alisimama. "Fundi! Usivuke! Kaa huko huko mpaka nkwambie!" Fundi akainua dole gumba, akakaa juu ya mwamba mrefu, miguu inaning'inia. Pale alipokaa maji yasingemfikia.

Sisi tukaambiwa tukusanye vitu. Wawili watatu walikuwa bado chini wakisuuza vikombe. Hapo Mwalimu akasikia ngurumo kutoka juu ya bonde kabla yetu sote, akageukia wale wa vikombe na kupiga ukelele: "Wadi imeshuka! Wadi imeshuka!"

Waomani wote waliacha kila kitu wakakimbilia juu. Mimi niliketi tena. Naliandika hili kwa sababu ndilo ushahidi wangu wote: niliposikia "wadi imeshuka" nilipumua, nikashukuru, nikaketi tena kwenye jamvi, mpaka mama mmoja aliponikamata mkono akanivuta kunipandisha. Na ng'ambo ya pili Fundi alisimama juu ya mwamba wake, akapunga mkono, akaita, "Sawa, Mwalimu! Nakuja!" Akateremka, akaingia majini.

Wadi, kwa asiyejua, ni bonde ambalo siku nyingi halina maji. Mvua ikinyesha milimani, mafuriko hulijia kwa mpigo, na Waarabu wa hapa husema wadi limeteremka. Watu wa Unguja waliorudi Oman waliigeuza kauli hiyo kuwa Kiswahili, wadi imeshuka, wakaizoea hata wakasahau kuwa ni ya kuazima. Kwetu bara mto ukishuka, umepungua. Fundi alikulia kando ya Mto Nzoia, ambao ukifurika huzuia kila mtu nyumbani. Alikuwa amenisimulia mara nyingi tukiwa garini: walikaa siku wakingoja, wana njaa, kisha mtu huita kutoka ukingoni, mto umeshuka, na watoto wanatoka mbio na mabegi yao kuvuka kwenda shule. Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya utoto wake. Aliambiwa angoje neno, akangoja, akalisikia.

Maji yalikuja ya rangi ya kahawia, na miti mizima ndani yake. Mwalimu aliita, "Rudi! Rudi!" lakini ile ngurumo ilikuwa imekwishafika. Waokoaji walimpata chini, kwenye mikunazi.

Tuliomboleza Darsait, chumbani kwangu, viti vya kuazima mpaka kwenye ngazi. Mwalimu alikuja na halua na kahawa, akakaa na Wakristo mpaka nyimbo zikaisha. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Poleni. Kazi ya Mungu haina makosa. Lakini nlimwambia. Nlimwambia wadi imeshuka, akashuka. Hakunisikia."

Nilimwita jikoni. "Mwalimu, alikusikia. Kwetu kushuka ni kupungua. Alifikiri umempa ruhusa."

"Wewe ndiye wa kunifunza mimi Kiswahili?"

"Sikufunzi. Nakuambia alivyoelewa."

"Wadi imeshuka, kila mtoto anajua maana yake."

"Kila mtoto wa hapa, Mwalimu."

"Khalas, yamekwisha, Nairobi." Alichukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha, akakikausha, akaondoka. Nilimchukia. Sina neno jingine la kulipamba, nilimchukia, na chuki ile niliila na kuilalia.

Maana maneno yale hayakubaki Darsait. Wenzake Mwalimu walituma salamu za rambirambi, na siku ya maziko kule Budalang'i zikasomwa kwa kipaza sauti mbele ya kijiji kizima: kwamba marehemu alipendwa na wote, ila siku hiyo hakusikia alipoonywa. Kijijini neno halihitaji miguu. Ikawa Wekesa alikufa kwa kichwa ngumu, wengine wakaongeza na pombe, na mtu ambaye chai tu ilimtosha akazikwa na sifa hiyo. Kila nikimpigia mamake alinirudisha palepale: "Mwanangu alikuwa mkaidi kweli?" Nilimweleza habari ya neno lile kila mara, naye alinijibu vilevile: "Wewe ulikuwa rafiki yake, lazima umtetee. Mimi nataka kusikia kutoka kwa aliyesema."

Kundi lilivunjika. Wakenya walisusia kwanza, kisha wengine wakapata kazi nyingi za Ijumaa. Nilisikia Mwalimu alikwenda peke yake kwa muda, kisha magoti yakamkataa. Na kila aliyemtembelea Hail alirudi na sentensi ileile. Alikuwa akimwagilia maua anaisema, analisha paka anaisema: nlimwambia, hakunisikia.

Machi hii aliingia kliniki akishikwa mkono na msichana wake wa kazi, Mkenya. Amekonda, fimbo imekuwa ya chuma. Meno yalikuwa yamebaki machache na si hayo yaliyomleta. Alisimama mbele ya meza yangu na kusema, "Ijumaa unipeleke wadi."

Nilitaka kukataa. Nilitaka sana. Nikamwambia nitampitia asubuhi.

Tulipofika nilizima gari, nikamfungulia mlango, nikasubiri aanze kutembea. Bonde lilikuwa limeota vizuri mwaka huu, mikunazi imejaa majani mapya, na maji yalikuwa utepe tu kati ya mawe.

"Tangulia wewe," akasema.

Nilidhani sikusikia sawasawa. Alinisukuma kidogo kwa fimbo, nikatangulia, nikisikia chuma kikigonga mawe nyuma yangu. Tulikaa palepale tulipotandika jamvi. Ng'ambo mwamba wa Fundi ulikuwa mkavu, jua limeupiga.

"Mwezi uliopita kulinyesha," alianza. "Nipo dirishani, nnatizama maji yanapita njiani pale nyumbani. Nkamwambia yule mtoto wa kwenu, wadi imeshuka. Unajua alifanya nini?"

"Sijui."

"Alichukua kikapu. Akasema, asante Yesu, wacha nkimbie dukani. Akafungua mlango." Aliisugua mikono yake. "Nkamkamata nguo, Nairobi. Nkamkamata mpaka ikachanika. Akaniangalia kama nna wazimu."

Sikumsaidia.

"Kwenu," akasema, na sasa ilikuwa ile sauti yake ya kuuliza darasa, "mto ukishuka, mtu hufanya nini?"

"Huvuka, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Alinipungia mkono. Mimi nkaona ananikaidi, ananicheka."

"Alikuwa anakujibu."

"Alisemaje? Kelele zile, mimi sikupata."

"Alisema sawa, Mwalimu, nakuja."

"Nakuja? Hakusema nakam?"

"Alisema nakuja."

Hapo ndipo alipolia. Sikuwahi kumwona akilia, na hakulia vizuri; alikohoa, akapiga jiwe kwa kiganja, akamwita Mungu kwa Kiarabu mara nyingi. Nami nikalia, kwa ajili ya Fundi, na kwa hasira yangu iliyokuwa imekosa pa kwenda. Mwishowe alijipangusa kwa ncha ya ushungi.

"Mamake yuhai?"

"Yuko hai."

"Nipigie."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje. Mama Wekesa aliitika akiwa shambani. Kuku na upepo vilisikika. Nilimwambia kuna mtu anataka kusema naye.

"Ni nani?"

"Mimi ndiye mwalimu wake," Mwalimu akasema.

"Ni wewe ulisema mwanangu ni mkaidi."

"Ni mimi."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote. Sikiliza, dada yangu. Nlimwambia angoje mpaka nmwambie, akangoja. Kisha nkapiga ukelele kuwaonya wenzangu, nao kwa lugha ya kwenu ukawa ruhusa. Kosa ni la neno langu, na mimi ndiye niliyelisema. Nlisema hakunisikia. Si kweli." Alishika fimbo kwa mikono miwili. "Mwanao alinisikia."

Tulingoja. Nilitazama simu nikidhani imekatika, lakini kuku bado walisikika, na mtu mmoja akipumua.

"Nimesikia," akasema Mama Wekesa, akakata.